Fundi Anajibu: Bunduki za Hewa za Kale

Barua zilizotufikia kuhusu bunduki za hewa za kale zina kilio kimoja: hewa haikai. Kabla ya kuzijibu, tuliweke wazi jambo moja lisilo na mjadala. Hakuna jibu hapa chini linalokuruhusu kujaza hewa tungi lenye umri wa miaka mia mbili. Sababu zake ziko kwenye swali la nne, pamoja na hesabu.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeachiwa na marehemu babu bunduki ndefu inayofanana kabisa na gumegume (bunduki ya baruti inayowashwa kwa cheche za jiwe). Lakini chini ya mtutu, karibu na kifyatulio, kuna tundu lenye hesi (mifereji ya skrubu), na kwenye sanduku lake mna tufe la shaba lenye shingo. Je, ni bunduki ya baruti iliyobadilishwa?

Jibu: Inaelekea ilikuwa ya hewa tangu ilipotoka karakana. Mafundi wa karne ya 18 walizoea kuivisha bunduki ya hewa sura ya gumegume, pamoja na jogoo (nyundo inayokazwa kwa kidole na kupiga kifyatulio kikivutwa) na kijisahani cha baruti, kwa sababu mteja alitaka silaha inayofanana na silaha. Chungulia kwenye kijisahani ukitafuta kile kitundu chembamba cha kupitishia moto kwenda ndani ya mtutu. Katika gumegume ya kweli lazima kiwepo. Katika bunduki ya hewa hakipo, na jogoo mara nyingi ni pambo tu, au ndiye mkono wa kukaza springi iliyo ndani.

Kisha angalia ndani ya tundu lenye hesi kwa kurunzi. Utaona ncha ya kipini cha chuma. Kifyatulio kikivutwa, kipini hicho hutoka na kusukuma vali iliyo kwenye shingo ya tufe. Tufe hilo ndilo tungi la hewa.

Usilifunge bado. Pitisha ufito wa mbao ndani ya mtutu hadi ugote, weka alama mdomoni, kisha ulinganishe na urefu wa mtutu kwa nje. Ukikuta upungufu wa sentimita moja au mbili usioelezeka, kuna risasi imekaa humo tangu zamani.

Swali: Nimesoma kwamba jeshi la Austria liliwahi kuwa na bunduki ya hewa inayopiga risasi 20 bila kujazwa upya, wakati dunia nzima ilikuwa inashindilia baruti kwa mdeki (ufito wa kushindilia). Iliwezekanaje?

Jibu: Hiyo ni kazi ya Bartolomeo Girandoni, fundi wa Tirol, na jeshi la Austria lilianza kuitumia karibu mwaka 1780. Ubora wake wote umo katika kipande kimoja cha chuma kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Upande wa kulia wa mtutu umelala mrija mrefu unaobeba risasi za duara kama 20, moja nyuma ya nyingine. Nyuma ya mtutu, badala ya kizibo, kuna bapa la chuma linalopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, nalo limetobolewa tundu la ukubwa wa risasi. Mpigaji huinua mdomo wa bunduki juu kidogo, kisha husukuma bapa kwa kidole gumba. Tundu hulingana na mrija, risasi huanguka kwa uzito wake, na akiachia, springi bapa ya upande wa pili hulirudisha bapa mahali pake, risasi ikiwa imesimama nyuma kabisa ya mtutu. Anakaza jogoo, anafyatua. Hakuna mdeki, hakuna kusimama wima mbele ya adui.

Kitako ndicho tungi: chuma kilichokunjwa kama pia (koni), kikavishwa ngozi, kikafungwa kwa hesi nyuma ya mtambo. Askari alibeba vitako vya akiba, pampu, na kalibu ya kumiminia risasi. Kalibu haikuwa ya hiari. Risasi iliyozidi unene kwa robo ya milimita hugoma kwenye bapa na kuziba njia. Iliyopungua hupitisha hewa pembeni na kuanguka karibu. Ukiona bunduki ya namna hii inauzwa na kalibu yake yenyewe, kalibu hiyo ni sehemu ya bunduki, si kikorombwezo.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni jinsi vali inavyojirekebisha. Tungi likiwa limejaa, shinikizo huifunga vali upesi, hivyo hewa inayotoka kwa kila pigo ni kidogo lakini kali. Shinikizo likishuka, nyundo huisukuma vali mbali zaidi na inachelewa kurudi, hewa nyingi zaidi hutoka, na nguvu ya risasi haishuki kwa kasi ambayo ungetarajia. Fundi ndiye aliyepatanisha springi ya nyundo na springi ya vali hadi mambo hayo mawili yakafidiana. Springi ya nyundo ikibadilishwa na iliyo laini, bunduki itapiga vizuri tungi likiwa nusu na kugoma likiwa limejaa, jambo linalowachanganya sana watu.

Jeshi liliiacha mwanzoni mwa karne ya 19. Haikushindwa vitani, iliwashinda mafundi wa jeshini. Ngozi za kuzibia zilikauka, matungi yalivuja, na si kila kikosi kilikuwa na mtu wa kusaga vali.

Swali: Inasemekana tungi la Girandoni lilihitaji kupigwa pampu mara 1,500. Je, si chumvi hizo? Na pampu yangu ya kale (niliikarabati, naitumia kwenye tungi jipya la majaribio) inafika mahali inakuwa kama imegoma: mpini unashuka lakini shinikizo halipandi. Kosa liko wapi?

Jibu: Si chumvi. Chukua karatasi. Pistoni ya kipenyo cha milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ikienda mwendo wa milimita 300, inabeba sentimita za ujazo 34 za hewa. Tungi la nusu lita, ukitaka lifike baa 50 (yaani mara 50 ya shinikizo la hewa tunayovuta), linahitaji lita 25. Gawanya: mapigo 735, kama pampu haipotezi hata tone. Kwa kuwa kila pampu inapoteza, na upotevu unaongezeka kadiri shinikizo linavyopanda, mara 1,500 ni hesabu ya kawaida kabisa.

Mtu atauliza kwa nini hawakutengeneza pampu nene. Pistoni hiyo ya milimita 12 ikisukuma dhidi ya baa 50 inadai kani ya takriban kilo 58, na mtu mzima anaweza kuilalia. Iongeze hadi milimita 16, inadai kilo 100 na ushei. Mpiga pampu ataning'inia juu ya mpini kama popo, pampu haishuki. Wembamba wa pampu za kale ni hesabu ya uzito wa mwili wa binadamu.

Sasa kugoma kwa pampu yako. Tatizo, kwa karibu uhakika, ni nafasi iliyobaki chini ya pistoni inapofika mwisho. Kama mwendo ni milimita 300 na chini inabaki nafasi ya milimita 5, hewa inaweza kubanwa mara 61 tu. Hapo ndipo dari. Nafasi ikiwa milimita 10, dari linashuka hadi 31. Ukifika hapo, hewa yote unayobana inabaki ndani ya pampu. Ukivuta mpini inatanuka tena, na haijafungua vali ya tungi hata mara moja. Ndiyo maana mpini unahisi kama springi.

Wanaokarabati huunda tatizo hili wenyewe: wanaweka washa nene ya ngozi chini ya pampu kuzuia uvujaji, na milimita 4 za washa zinakula nusu ya uwezo. Pima hivi. Bandika donge dogo la nta ya nyuki kwenye uso wa pistoni, sukuma hadi mwisho, toa, kisha pima unene wa nta iliyobanwa. Ikizidi milimita 3, punguza washa au refusha pistoni. Usitie mafuta mengi kujaza nafasi hiyo, ingawa utaona yanasaidia. Hewa inayobanwa ghafla hupata moto mkali, na mvuke wa mafuta ndani yake unaweza kuwaka.

Kikombe cha ngozi cha pistoni nacho hutengenezwa, hakinunuliwi. Tumia ngozi iliyotengenezwa kwa magome, unene wa milimita 2 hadi 3. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka viputo viishe kutoka, ikandamize juu ya duara la mbao kwa pete ya chuma, uiache ikauke kivulini siku mbili. Usiikaushe kwa moto: ngozi iliyolowa huanza kujikunja na kuwa ngumu kama ukucha ikifika takriban nyuzi 70. Ikishakauka, kata ukingo kwa wembe ukiwa umeuchongoa kuelekea ndani, ili hewa iupanue ukutani. Mwisho, ichovye kwenye shahamu iliyoyeyushwa pamoja na nta kidogo, joto la kuweza kuvumilika kwa kidole. Ukifuta na kuisukuma kwenye bomba, inatakiwa ishuke kwa kusitasita. Ikiteleza yenyewe, ni ndogo.

Swali: Tungi la bunduki yangu linaonekana zima kabisa, shaba yake inang'aa. Nikilijaza kidogo tu, baa 20 hivi, kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya uko ndani, usipouona.

Kila pigo la pampu huingiza unyevu. Hewa ikibanwa na kupoa, unyevu hugeuka maji, na maji hayo yalikaa chini ya tungi tangu enzi za mwenye bunduki wa kwanza. Matungi ya chuma yamelika kutoka ndani kwa vishimo vyembamba ambavyo nje haviachi dalili. Ya shaba hayaoti kutu hivyo, lakini ni nusu mbili za tufe zilizounganishwa kwa kulehemu katikati, na ule mshono ndio unaobeba kila kitu. Chukua tufe la kipenyo cha milimita 90. Kwa baa 50, kani inayotaka kulitenganisha ni zaidi ya tani 3, na hiyo yote inakaa juu ya mshono wa sentimita 28 uliolehemiwa kwa mkaa na mtu aliyepima joto kwa macho. Kwa baa zako 20 bado ni tani moja na robo.

Na hewa si maji. Tungi la maji likipasuka, linatema tone na shinikizo limeisha. Nusu lita ya hewa kwenye baa 50 ina nishati ya zaidi ya kilojuli 4 inayotoka mara moja, sawa na jiwe la kilo 20 lililoangushwa kutoka urefu wa mita 20. Unapolenga, tungi hilo liko shavuni kwako.

Anayetaka kusikia bunduki ya namna hiyo ikilia hutengenezewa tungi jipya la chuma cha kisasa lililopimwa kwa maji, lenye hesi ya kufanana na shingo ya kale, na la asili hubaki kwenye sanduku. Usijaribu kabisa gesi ya oksijeni ya kuchomelea: ikikutana na shahamu ya ngozi chini ya shinikizo, hulipuka.

Tufikirie upande mzuri wa hilo tufe. Ukuta wa tufe hubeba nusu tu ya mvuto unaoubeba ukuta wa bomba lenye kipenyo na unene uleule. Mafundi hawakuwa na hesabu hizi kwenye karatasi, lakini walijua kwamba tufe jepesi linashika kuliko bomba jepesi, wakavumilia lile nundu linalogonga mkono wa mpigaji.

Swali: Fundi, nimefungua shingo ya tungi nikakuta vali ina kichwa cha kitu cha kahawia kama plastiki, kimepasuka kidogo. Plastiki miaka ya 1800? Na nitajuaje kama vali inashika bila kujaza hewa?

Jibu: Hiyo ni pembe ya mnyama. Ilipendwa kwa sababu ni ngumu kiasi cha kutofinyika na laini kiasi cha kuchukua sura ya kiti chake. Vali yenyewe ni pia (koni) ndogo inayokaa kwenye kiti cha shaba kilichochongwa mteremko unaolingana. Springi dhaifu huishikilia, lakini kazi kubwa ya kufunga hufanywa na hewa. Kwa kiti cha kipenyo cha milimita 8, baa 50 huibana kwa kilo 25 na zaidi.

Pembe hufa kwa njia mbili. Hukauka ikapasuka kufuata nyuzi zake, kama yako, au huliwa na wadudu wanaokula pembe na manyoya, wakaacha vijitundu. Ufa unaokatiza ukingo wa kukalia hautengenezeki. Kereza pia mpya, nyuzi za pembe zikielekea kwenye mhimili, na uiweke ya zamani kwenye bahasha pamoja na bunduki.

Kusaga: paka unga laini sana wa kusugulia uliochanganywa na mafuta, zungusha pia kwenye kiti nusu mzunguko huku na huku, kwa uzito wa mkono tu. Inua kila baada ya mizunguko kumi, futa, tazama. Unatafuta pete moja ya kijivu, nyembamba, isiyokatika, upana wa nusu milimita hivi. Ikiwa pana zaidi, umezidisha, na vali itavuja kwa sababu kani ileile sasa imetandazwa kwenye eneo kubwa. Hapa ndipo wengi huharibu: wanadhani pete pana ndiyo bora.

Kupima, chukua bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, na kipande cha mpira. Vali ikiwa kwenye kiti na springi yake, weka mpira upande wa nje, ule ambao hewa hutokea kwenda kwenye mtutu, na vuta kijiti cha bomba. Kuvuta upande huo ni sawa na kusukuma upande wa ndani, kwa hiyo vali inabanwa katika mwelekeo wake wa kawaida. Shikilia nusu dakika, kisha achia. Kijiti kikirudi kwa nguvu hadi karibu na pale kilipoanza, kiti kinashika. Kikibaki kilipo, hewa imepita. Usivute kwa mdomo kama wazee walivyofanya. Vyuma hivyo vimejaa vumbi la metali ya risasi, nayo ni sumu.

Ukikuta utando wa kijani wenye nta pale ngozi inapogusa shaba, ni mafuta ya ngozi yaliyokula chuma. Uondoe kwa kijiti cha mianzi na spiriti. Brashi ya waya ipumzike.

Swali: Nina fimbo ya kutembelea ya Uingereza, ya karne ya 19, ambayo ni bunduki ya hewa. Vipande viwili havifunguki, na ufunguo wake umepotea. Nianzie wapi?

Jibu: Fimbo hizi zilitengenezwa kwa wingi Birmingham na kuuzwa na wauza bunduki wa London. Kipande cha juu ni tungi, cha chini ni mtutu, na mara nyingi ndani ya mtutu laini umeingizwa mwingine wa shaba wenye mifereji inayozunguka. Ufunguo, mdogo kama wa saa, hukaza springi kwenye tundu la ubavuni, na kitufe cha kufyatulia huchomoza kikiwa tayari tu.

Ichukulie kana kwamba ina hewa. Elekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga muda wote wa kazi. Dondoshea kwenye maungio mafuta laini ya kupenya, matone mawili asubuhi na mawili jioni, kwa siku tano. Usitumie koleo la bomba: ukuta ni mwembamba na utabonyea, na bonyeo la ndani ya mtutu haliondoki. Toboa vipande viwili vya mbao kwa kipenyo cha fimbo, vipasue katikati, tandika ngozi iliyopakwa ulimbo, kisha bana kwenye jiliwa. Joto la kikausha nywele linatosha. Ukisikia mluzi wowote unapofungua, simama, rudisha, na umpelekee fundi wa silaha.

Rangi ya nje ni ya kuiga mti wenye vifundo, na ndiyo thamani yake nusu. Petroli na spiriti zisiiguse. Ufunguo hupatikana kwa kuchonga kipande cha chuma laini kwa tupa. Anza mnene, punguza hadi ukae bila kucheza, maana ukicheza utamung'unya pembe za tundu.

Swali: Bunduki ya hewa aliyobeba Meriwether Lewis, kiongozi wa msafara wa kuchunguza nchi, kwenda magharibi ya Marekani ilikuwa ya nani, Girandoni au fundi wa Philadelphia?

Jibu: Kwa muda mrefu ilihusishwa na Isaiah Lukens, fundi saa wa Philadelphia, kwa kuwa mali zake zilipopigwa mnada baada ya kifo chake, mlikuwamo bunduki ya hewa iliyoelezwa kuwa ya safari hiyo. Lakini Thomas Rodney, jaji aliyeiona mwaka 1803, aliandika kwamba ilipiga mara 22 mfululizo, na sifa hiyo ni ya Girandoni. Sisi tunaegemea huko.

Mwishoni mwa Agosti 1803, safari ikiwa ndiyo kwanza inaanza, mtu asiyeijua aliishika, ikafyatuka, na risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyesimama mbali na kumkwaruza kichwani. Alipona. Na Juni 1805 John Shields, fundi wa msafara, aliifulia springi kuu mpya porini. Springi hiyo ndiyo ya kwanza kuchoka katika bunduki hizi zote. Yako isiachwe imekazwa usiku kucha, na unapoishusha, mshikilie jogoo kwa kidole gumba umteremshe polepole. Akipiga vali isiyo na hewa nyuma yake, hakuna kinachompokea isipokuwa pembe.